Vifaa vya kutuni MGB: moduli ya Pertronix ndiyo, Weber hapana

MGB, gari la zamani la michezo la Kiingereza, nyingi zinazolaumiwa kwa uvivu hazina haja ya nguvu mpya. Injini ya cc 1798 yenye kabureta mbili za SU HS4 huwa bado na nguvu zake, ila uchakavu umezimeza. Kwa kipimo hicho, Pertronix Ignitor inastahili kununuliwa kwanza.

Ni moduli ndogo ya elektroniki inayoingia ndani ya distributa (kigawa umeme wa plagi) ya Lucas 25D4, mahali pa pointi, yaani swichi ya kukata umeme wa koili, na kondensa. Shafti ya distributa ikilegea, mwanya wa pointi, unaotakiwa kuwa mm 0.35 hadi 0.40, hubadilika kutoka silinda hadi silinda, na taimingi, yaani wakati wa cheche, huyumba nao. Moduli husoma sumaku, kwa hiyo mchezo mdogo wa shafti hauisumbui. Mchezo ukizidi, au springi za vyuma vya uzito vinavyowahisha cheche zikiwa zimechoka, fanyia distributa oveholi kwanza.

Wengi huiunguza wakati wa kuunga nyaya. Mwekundu huenda chanya ya koili, mweusi hasi. Lakini MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zimeungwa chanya ya betri kwenye bodi, na zina toleo lao la moduli. Zile za bampa la mpira zina waya unaopunguza volti kabla ya koili. Mwekundu lazima uchukue volti 12 kamili kabla ya waya huo. Na usiache swichi imewashwa huku injini imezima.

Baada ya hapo panga taimingi kwa taa yake: chomoa hosi ya vakyumu ya distributa, izibe, pandisha mizunguko ya injini hadi alama ya taimingi iache kusogea, kisha lenga nyuzi 32. Ikigonga mlimani kwenye gia ya nne, rudisha nyuzi mbili.

Filta za K&N ni nzuri, ila hewa ikiongezeka mchanganyiko hukosa petroli kwenye mizunguko ya juu. Kwa kabureta zilizokuja na sindano ya kupimia petroli namba 5, jaribu namba 6. Angalia pia gasketi ya filta: ikigeuzwa, inaziba vitundu vya juu vya kabureta, vile vinavyopitisha hewa chini ya pistoni iliyo ndani ya kabureta ya SU. Pistoni haipandi, gari linakosa nguvu, na lawama anabebeshwa muuza filta!

Kabureta ya Weber 45 DCOE, yenye koo mbili, inapendeza kwa macho na mlio. Kichwa cha injini hii kina milango miwili tu ya kuingizia, silinda 1 na 2 zikigawana mmoja, 3 na 4 mwingine. Koo mbili za Weber hulisha milango ileile ambayo SU mbili tayari zinailisha. Kwa kamshafti ya kiwandani, faida ni ndogo kuliko gharama ya jeti na saa za kuzipanga.

Pesa hiyo ipeleke kwenye bushi na shafti za trotoli za SU. Puliza kisafisha kabureta kwenye ncha za shafti injini ikinguruma: mlio ukibadilika, hewa inavuja hapo. Zikishatengenezwa, inua pistoni ya kabureta kidogo, kama mm 0.8, injini ikinguruma. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikizima papo hapo, imepungua. Ukipanda kidogo kisha kutulia, umepata.