Walter Brennan na Thelma Ritter: Waigizaji Wasaidizi Wawili wa Hollywood

Walter Brennan, mzaliwa wa Massachusetts wa mwaka 1894, alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi mara tatu, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, ilhali Thelma Ritter wa Brooklyn, aliyezaliwa 1902, aliteuliwa mara sita bila kuipata hata mara moja. Hesabu hiyo, hata hivyo, inapotosha. Katika miaka ya mwanzo ya tuzo hiyo, waigizaji wa kujaza umati nao waliruhusiwa kupiga kura, na Brennan, ambaye mwenyewe alianzia katika umati huo, alikuwa kipenzi chao.

Brennan aliigiza wazee kabla ya kuzeeka, kwa kuwa ajali ya 1932 ilimpotezea meno mengi, naye akaigeuza hasara hiyo kuwa mtaji: aliyavaa au kuyavua meno ya bandia kulingana na mhusika.

Ritter alitokea kwenye jukwaa na redio, akaingia katika filamu mwaka 1947, akiwa amekaribia miaka 45, kama mama aliyechoshwa na ununuzi wa Krismasi. Hata jina lake halikuorodheshwa. Baadaye, katika “All About Eve” ya 1950, ndiye mtumishi anayeishuku hila ya mgeni kabla ya wengine wote, na hulifanya hilo kwa maneno machache makavu. Kwa maoni yangu, Brennan alikuwa na sura nyingi zaidi, lakini Ritter ndiye anayeaminika zaidi, na Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Marekani, aliyoipata mwaka 1958 inaonyesha kwamba jukwaa lilimthamini kuliko Hollywood.