Baiskeli ya kwanza ya shokapu mbili: ipi ya kwenda nayo porini?

Nianze na jibu, kwa anayesoma hapa akiwa tayari mlangoni mwa duka. Tafuta mtumba wa kampuni yenye jina, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, gurudumu la nyuma linalopanda milimita 120 hadi 140 shokapu inapobonyea, umri usiozidi miaka sita hivi. Ukiukosa, nunua mpya ya daraja la chini kutoka kampuni za aina hiyohiyo. Pesa isipofika huko, chukua yenye shokapu ya mbele tu, wala usione haya. Na ile yenye springi nene katikati, inayouzwa jirani na friji na majiko ya gesi, iache hapohapo ilipo.

Nimepanga hivi kwa sababu baiskeli ya shokapu mbili ni mashine ya kuhudumiwa. Bei ya kununua hulipwa mara moja, lakini sili (mipira inayozuia mafuta na hewa kuvuja), beringi na mafuta vitakudai kila msimu. Ukiishi Nairobi, Arusha au Kigali utampata fundi mmoja wawili wanaojua kufungua shokapu ya hewa. Ukiishi Kitale au Lushoto, fundi huyo ni wewe. Kwa hiyo sikuuliza ipi inang'aa leo. Nimeuliza ipi itakuwa bado inabonyea na kurudi vizuri mwaka wa pili.

Kwanza, unapanda wapi?

Njia za baiskeli za msitu wa Karura ni laini kwa sehemu kubwa, mizizi hapa na pale. Shokapu ya mbele inatosha na kubaki. Hell's Gate, kutoka lango la Elsa hadi korongoni, ni barabara ya vumbi na changarawe, na watu huimaliza kwa baiskeli za kukodi zilizochoka kabisa. Ukiishia huko, funga ukurasa huu ubaki na pesa zako. Shokapu ya nyuma huanza kulipa unaposhuka mawe ya vilima vya Ngong, au vijia vya Usambara ambavyo mvua imevichimba vikawa ngazi. Wengi hudhani kazi yake ni kustarehesha makalio. Kazi kubwa ni kulishikilia tairi la nyuma ardhini, ili breki ishike unaposhuka na gurudumu lisiteleze hewani unapopanda juu ya mizizi.

Nafasi ya kwanza: mtumba wa daraja la kati

Ukiwa na pesa za kununua baiskeli mpya ya chini, pesa hizohizo mara nyingi hupata mtumba uliokuwa wa daraja la juu yake ulipotoka kiwandani. Majina ya kuwinda: Trek Fuel EX ya 2020 hadi 2022 (milimita 130 nyuma, 140 mbele), Giant Trance X 29 ya 2021 na 2022 (135 nyuma, 150 mbele), Specialized Stumpjumper ya alumini, na Canyon Neuron ya alumini. Canyon huuza moja kwa moja kwa mteja, haitegemei maduka, kwa hiyo zinazofika kwetu ni zile zilizoletwa na wageni wanaohamia au zilizopitia Ulaya. Wageni wanaofunga mizigo kurudi kwao ndio wauzaji ninaowapenda zaidi: wana haraka, na aghalabu wana risiti.

Nimesisitiza alumini kwa makusudi. Fremu ya kaboni iliyopigwa jiwe inaweza kuwa na ufa usioonekana chini ya rangi, nasi hatuna wengi wa kuipima, sembuse kuiziba. Alumini ikipasuka, huonyesha.

Ukaguzi wenyewe usifanywe jioni wala kwenye mvua. Geuza baiskeli, safisha kwa kitambaa sehemu tatu: nyuma ya kichwa cha fremu panapoungana bomba mbili, mahali shokapu inapofungwa, na mikono ya nyuma (bomba zinazoshika gurudumu la nyuma) karibu na krenki. Ufa huonekana kama unywele mweusi kwenye rangi. Kisha pitisha ukucha juu ya miguu inayong'aa ya shokapu ya mbele. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, mkwaruzo huo utakula sili na kuvuja mafuta, na kubadilisha kipande hicho kwaweza kukaribia bei ya shokapu nzima.

Beringi za nyuma hupimwa hivi: shika kiti, inua taratibu hadi gurudumu la nyuma likaribie kutoka ardhini, kisha shusha. Ukisikia kigongo kidogo, “tk”, kuna kilicholegea. Huenda ni bushi ya shokapu, ambayo ni rahisi. Huenda ni beringi zote za viungo, na hapo utahitaji seti kamili pamoja na mtu mwenye kifaa cha kuzisukuma. Usikatae baiskeli kwa hilo, lakini bei ishuke.

Shokapu ya hewa ijazwe, ibonyezwe mara kumi, isubiriwe wakati mkinywa chai. Ikikaa chini yenyewe, inavuja. Angalia pia namba ya fremu chini ya krenki: ikiwa imepigwa tupa, ondoka, bei iwe nzuri namna gani.

Kuhusu breki, muulize muuzaji swali moja tu: mara ya mwisho ziliwekwa mafuta gani? Shimano hutumia mafuta ya madini. SRAM nyingi za miaka hii hutumia mafuta ya DOT, yale ya jamii ya breki za gari. Fundi wa mtaani mwenye nia njema akimimina DOT kwenye Shimano, sili zitavimba na breki itakufa, na dalili zinaweza kuja baada ya muuzaji kuhama nchi.

Mtego wa kundi hili ni baiskeli za inchi 26, nyingi zikiwa za kabla ya 2013 hivi. Ni rahisi, zinavutia, nyingine zilikuwa za bei kubwa mno zamani zao. Tairi za 26 zinapatikana kila soko, ni kweli. Tabu ni vipimo vya ekseli, shokapu na kichwa cha fremu, ambavyo kampuni zimeviacha, na shokapu ikifa utabaki na pambo la ukutani.

Nafasi ya pili: mpya ya daraja la chini

Hapa naweka tatu, kwa mpangilio. Polygon Siskiu T8, inayotoka Indonesia, ndiyo inayokupa vifaa vingi zaidi kwa bei yake, pamoja na nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe cha kwenye usukani. Usiidharau nguzo hiyo: kwenye mteremko mkali, kiti kikishuka ndipo mwili unapopata pa kwenda. Ya pili ni Giant Stance 29, milimita 120 nyuma na 130 mbele. Si ya kujigamba nayo, ila mikono yake ya nyuma hupinda kidogo badala ya kuwa na kiungo cha ziada, kwa hiyo beringi za kuhudumia ni chache. Kwa mtu aliye mbali na mji ningeipandisha juu ya Siskiu bila kusita. Ya tatu, Marin Rift Zone, labda ndiyo tamu kuliko zote kuiendesha, lakini mpate kwanza muuzaji atakayekuagizia vipuri.

Ughaibuni kundi hili huuzwa kwa takriban dola 1,500 hadi 2,500, kutegemea toleo na msimu. Hapo weka nauli, ushuru, na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Ukishajumlisha utaelewa kwa nini mtumba umekaa juu.

Nafasi ya tatu: shokapu ya mbele tu

Trek Roscoe, Specialized Fuse, Marin San Quentin. Hizi si baiskeli za kujikimu nazo tu. Zimechorwa kwa njia za porini, tairi nene, usukani mpana, na hazina beringi za nyuma za kukupa mawazo. Kwa bei moja, shokapu moja nzuri inazishinda mbili mbaya.

Ya mwisho: springi ya supermaketi

Shokapu yake ya nyuma ni springi tupu, haina mafuta ya kuzuia kasi ya kurudi, kwa hiyo kila jiwe linakurusha mara mbili. Nyingine zina stika inayosema zisitumiwe nje ya barabara. Amini stika.

Ukubwa na magurudumu

Fremu isiyo ya kimo chako haitibiki kwa kuinua kiti. Ukiwa katikati ya saizi mbili, kaa juu ya zote mbili kabla ya kuamua. Mimi huelekea ndogo kwa anayeanza. Kuhusu inchi 29, elewa kwamba rimu yake ni milimita 622, ilhali tairi la Black Mamba, baiskeli yetu ya mizigo, la 28 kwa 1½ ni la rimu ya 635. Dukani kijijini watakuambia linaingia. Haliingii. Beba tyubu zako. Angalia pia nafasi kati ya tairi na fremu nyuma: udongo mweusi wa tambarare za Nairobi ukilowa hujaza nafasi hiyo hadi gurudumu ligome.

Weka akiba

Pesa zote usizimalizie kwenye baiskeli. Unahitaji pampu ya shokapu, ndogo, yenye kipimo cha msukumo wa hewa hadi psi 300. Ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Ukikaa na mkoba wako mgongoni, shokapu ya nyuma izame asilimia 25 hadi 30: kama fimbo yake ina mwendo wa milimita 50, pete ya mpira iliyo kwenye fimbo hiyo isimame kwenye 13 hadi 15. RockShox hutaka mafuta ya chini ya shokapu ya mbele yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha, na vumbi letu halina subira ya kukuongezea hata moja.

Kipande cha mwisho ni kile kidogo cha alumini kinachoshika kibadili gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike kabla ya fremu, na karibu kila fremu ina cha kwake, kisichoingiliana na cha jirani. Nunua viwili siku hiyohiyo, kimoja kikae ndani ya mkoba.