Kitalu kisicho na kibao, na mbigili katika ukoka wangu

Mvua za masika zilipopungua, ukoka wa uwanja wetu mdogo hapa Rau, Moshi, ulianza kuwachoma wajukuu nyayoni, nami nikang'oa gugu nililolishuku, nikalifunga katika gazeti na kulipeleka kwenye kitalu kidogo kisicho na kibao, kando ya barabara iendayo Marangu, ambako wengi hufuata miche ya parachichi.

Kijana wa mauzo hakulifungua hata gazeti. Alinitolea chupa ya glifoseti, dawa ambayo ingeua gugu pamoja na ukoka wenyewe, na kama si mzee anayehudumia miche kuirudisha rafuni, ningeilipia.

Mzee huyo ndiye huduma yenyewe. Nilipomwambia kwamba huu ni mbigili alikubali, ila akaeleza kuwa jina hilo hubebwa na mimea miwili isiyo na udugu. Mmoja, Tribulus terrestris, hutambaa chini kabisa, maua yake ni ya njano yenye petali tano, na jani lake limegawanyika katika vijani vidogo vilivyopangika kwa jozi. Wangu ulikuwa Oxygonum sinuatum, mmea wa asili wa Afrika Mashariki na Kusini, unaoota, kuzaa na kufa ndani ya msimu, wenye jani moja lililochongeka kingoni na maua madogo meupe yanayoelekea waridi. “Sasa tazama hapa, mama,” akasema, akipasua kwa ukucha ala nyembamba kama ganda la kitunguu, inayozunguka shina pale jani linapoanzia. Tribulus haina ala hiyo. Tunda la gugu langu nalo lina miiba mitatu iliyolizunguka kiunoni, kwa hiyo hata likianguka vipi, mmoja husimama kumngoja mtu. (Majani yake huliwa kama mboga katika baadhi ya sehemu, wajukuu hawakuvutiwa na habari hiyo.)

Alinishauri niung'oe ukiwa na maua, udongo ukiwa bado laini, kabla tunda halijakauka, na niyazoe matunda yaliyokwisha kuanguka, kwa kuwa ndiyo yanayobeba mbegu za msimu ujao. Maelezo hayo hakuyatoza hata senti. Nilinunua kijembe cha mkono kwa shilingi 6,000, na mpini wake ulilegea kabla ya wiki mbili kwisha.

Anayetaka kutambuliwa gugu aende asubuhi na alipeleke zima, lenye mizizi na matunda, kwa sababu mzee huondoka saa sita mchana na anayebaki ni yule kijana wa chupa.