Kabla ya Kununua Bodi ya Mikrokontrola, Ulizia Chipu Yake ya USB

Malalamiko ninayoyapokea mara nyingi kuhusu bodi za mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo za kuendeshea vifaa kama vipima joto na mota, hayahusu kumbukumbu wala idadi ya pini, bali bodi mbili zilizochomekwa kwenye kompyuta moja na kubadilishana majina: ile ya kupima joto ilikuwa ttyUSB0 (jina ambalo Linux huipa bodi iliyochomekwa), kompyuta ikazimwa na kuwashwa, sasa ni ttyUSB1, na amri za mota zinapelekwa kwenye bodi isiyo na mota. Chanzo ni chipu inayounganisha USB na mawasiliano ya siriali. CH340G, iliyoenea kwenye bodi za bei nafuu, haina namba ya utambulisho ya pekee, kwa hiyo kompyuta haiwezi kutofautisha bodi mbili zenye chipu hiyo. Kila moja hujitaja kuwa 1a86:7523, yaani msimbo wa mtengenezaji na wa aina ya chipu, na kuishia hapo. CP2102, chipu nyingine ya kazi hiyohiyo, ina nafasi ya namba hiyo, lakini mara nyingi huachwa ikiwa 0001 kama ilivyotoka kiwandani.

Kwa kigezo hiki naiweka Raspberry Pi Pico mbele ya zote, na sifichi kwamba naipendelea. Chipu yake, RP2040, ina USB ndani yake, na namba ya utambulisho husomwa kutoka kwenye kumbukumbu ya flashi ya bodi, na namba hiyo haifanani na ya bodi nyingine. Kwenye Linux, folda ya /dev/serial/by-id huionyesha kila Pico kwa jina lake lisilobadilika. Ukilitumia jina hilo katika programu yako, unaweza kuichomeka bodi kwenye tundu lolote. Kumbuka tu kwamba Pico ikijiwasha upya, muunganisho hukatika, kwa hiyo programu ya kompyuta lazima ijue kuufungua tena.

Ya pili ni Teensy 4.0, ambayo USB yake hufikia megabiti 480 kwa sekunde na inamfaa mwenye data nyingi. Arduino Uno R3 halisi ni ya tatu: ina namba yake, lakini kwa kawaida kompyuta inapofungua mawasiliano nayo, bodi huanza upya na hesabu iliyokuwa ikiendelea hupotea.

Bodi za CH340G zinatosha ikiwa utatumia moja tu.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaoandika kwamba bodi inaoana na Arduino bila kutaja chipu ya USB, au wanaoweka picha ya bodi moja na kutuma nyingine, ilhali taarifa hiyo ndiyo inayoamua kama bodi itafaa. Mwombe muuzaji picha ambayo maandishi ya chipu iliyo karibu na tundu la USB yanasomeka, na akikataa, usinunue.