Baiskeli ya kununua Mtwara: nenda dukani na chupa ya maji

Tangu mvua zianze simu hazikauki. Dada nataka baiskeli, ninunue ipi? Na wengine wameshanunua, wanatafuta tu mtu wa kumlalamikia. Mmoja wa Magomeni kaingia mtaroni na dumu lake la mafuta ya kula, anasema breki kaiminya mpaka vidole vikauma na baiskeli inaenda tu. Mpya kabisa, hata plastiki za kwenye fremu hajazitoa. Kampelekea fundi, fundi anamwambia eti hajui kuendesha. Huyo anaendesha tangu darasa la tatu! Shida siyo yeye, shida ni ringi, na hili jambo hakuna muuzaji atakayekwambia.

Kwa nini baiskeli sitaki kueleza sana, hesabu mnaijua. Boda buku kwenda buku kurudi, siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi, miezi minne umeshapita laki mbili na huna kitu mkononi. Na mji wetu kwa sehemu kubwa ni tambarare, kutoka Chikongola mpaka Shangani unaenda bila kuhema. Kwa hiyo rangi, gia, siti laini, sijui ina kishika chupa, yote hayo siongelei, utachagua mwenyewe.

Mi naongelea kusimama. Maana barabara zetu sa hivi siyo zile za zamani, kuna malori ya makaa ya mawe yanatoka Ruvuma kuja bandarini, kuna ya simenti, msimu ukifika yanaongezeka ya korosho, na wewe uko pembeni hapo na mtoto kwenye keria. Mvua za kwetu zikianza Desemba ni mpaka Aprili huko, karibu nusu mwaka unaendesha kwenye maji. Baiskeli inayosimama wakati wa jua tu ni nusu baiskeli, na bei umelipa nzima.

Sasa sikiliza. Ringi zile zinazong'aa mpaka unajiona uso, ni chuma kilichopakwa kromu. Kwenye ukavu raba ya breki inakamata vizuri tu. Ikilowa, kromu ni laini mno, maji yanakaa kati ya raba na ringi na raba inateleza, mpaka gurudumu lizunguke kwanza maji yafutike ndio breki ianze kushika, na hapo unapoisubiri ianze kushika lori limeshafika. Ringi ya aluminiamu yenyewe haing'ai hivyo, ina weupe uliofifia, nayo ikilowa inapungua nguvu lakini inakamata bado, tofauti unaisikia mkononi palepale. Na kwetu pwani kuna la ziada, chumvi ya hewa. Hiyo kromu ikianza kubanduka kutu inaingia, ringi inakuwa na magamba, raba inaliwa kama sabuni.

Kwa hiyo ukienda kununua beba vitu viwili. Sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, na chupa ya maji. Sumaku ikinasa kwenye ringi hicho ni chuma. Isiponasa mara nyingi ni aluminiamu, ila usiishie hapo. Mwagia maji ringi yote kuzunguka pamoja na raba zake, shika breki ya mbele kwa nguvu halafu sukuma baiskeli. Nzuri itagoma, nyuma itataka kunyanyuka. Mbaya itaendelea kutembea na wewe. Fanya hivyohivyo na ya nyuma. Muuzaji atanuna, atakwambia unamlowanishia mali, mwache anune.

Haya, ya kwanza kwangu na sifichi mapenzi yangu: mtumba wa Japani, na ukipata Bridgestone usiulize mara mbili. Ndiyo, haohao wa matairi ya magari, wanatengeneza na baiskeli. Nyingi breki ya nyuma imefichwa ndani ya kibakuli cha chuma pale katikati ya gurudumu, haigusi ringi kabisa, mvua inyeshe usiku kucha yenyewe inasimama. Ya mbele ndio inashika kwenye ringi, na hapa muwe macho, kuna za aluminiamu na kuna za chuma kisichoshika kutu, hicho nacho kinateleza kwenye maji, na kuna aina ya chuma hicho ambayo sumaku hainasi, ndio maana nasema chupa ya maji inamaliza ubishi.

Halafu kwa sisi wanawake imetengenezwa kama walituuliza. Fremu imeshuka chini, unapanda na baibui lako bila kurusha mguu mbele za watu, cheni ina kifuniko kwa hiyo kanga hailiwi, mbele kikapu cha kubebea samaki wa feri. Nyingi zina taa ya dainamo, hutumii betri, gurudumu likizunguka taa inawaka, na giza la kutoka Naliendele kuja mjini dereva wa lori anakuona. Hakikisha tu inawaka kweli, zungusha gurudumu hapohapo dukani. Bei ukibahatika ni laki na nusu, iliyokaa vizuri inakaribia laki mbili unusu.

Ubaya upo. Ile breki ya nyuma ikichoka inapiga kelele mtaa mzima unajua umerudi, mafundi wengine wanakimbilia kuimwagia oili, JAMANI MSIKUBALI, oili kwenye breki maana yake huna breki. Inafunguliwa, inasafishwa vumbi, na utepe wake wa ndani ukiwa umeisha unabadilishwa. Ubaya wa pili ni tairi, nitarudi hapo.

Ya pili ni Phoenix ya 28 na ndugu zake, hizi baiskeli za baba zetu. Kwa mzigo hakuna mpinzani. Gunia la mkaa, madumu ya maji, korosho za kupeleka ghalani, yote inabeba, na ikiharibika Newala au Nanyamba ndani huko fundi yupo na spea ipo. Ningeiweka ya kwanza kabisa kama isingekuwa breki zake za fito, zile raba mbili zinavutwa juu zikabane ringi kwa ndani, na ringi yenyewe ni kromu. Kwenye mvua ni mtihani. Unayo tayari? Usiiuze. Raba zilizokauka ngumu tupa weka mpya laini, na barabara ikilowa anza kugusa breki mapema, kidogokidogo, ili ringi ijifute maji kabla hujahitaji kusimama. Wale wa Newala mnaoteremka na mlima, hapo mimi nasema shuka uikokote, hata ukichekwa. Na kuna zinazokuja na breki ya kukanyaga pedeli kurudi nyuma, hiyo ukiikuta chukua, iko ndani ya gurudumu na maji haiyajui.

Ya tatu ni hizi za gia, zenye shokapu na matairi manene vijana wanazipenda. Ringi zao mara nyingi ni aluminiamu, hapo nawapa maksi. Nyingine zina breki ya diski, sahani ya chuma katikati ya gurudumu inayobanwa badala ya ringi, ambayo kwenye maji ni nzuri ikiwa imefungwa vizuri, lakini zile diski za bei rahisi waya ukilegea kidogo tu unaminya hewa. Shokapu yake ni pambo, inakula nguvu zako bure. Keria hakuna, madigadi hakuna, tope lote la Mtwara liko mgongoni kwako.

Zile mpya za bei chee kabisa zisizo na jina, sina mengi. Spoku zinalegea, pedeli inazunguka na uzi wake. Kama hela yako ndio hiyo, subiri miezi miwili uongezee uchukue mtumba.

Sasa wauzaji. Yani mnatutesa. Kwanza korosho zikianza kulipwa kwenye minada baiskeli ileile iliyokaa nje ya duka tangu Juni inapanda bei ghafla, kana kwamba imeiva. Ukiuliza, "usafiri toka Dar". Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika huku Lindi, wakapandisha, tukaelewa, magari yalikuwa hayapiti. Barabara ikatengenezwa. Bei yenyewe haikurudi mpaka leo. Na kuna mmoja, jina naliweka moyoni, alinitajia mimi bei moja, nikamtuma mdogo wangu wa kiume nusu saa baadaye, baiskeli hiyohiyo katajiwa pungufu elfu thelathini. Kisa mimi mwanamke sijui baiskeli! Tangu hapo natuma kijana akaulize bei, mimi nakuja nyuma na chupa yangu ya maji.

Wengine wanachukua fremu ya Japani wanaifunga magurudumu mengine kabisa ya kromu, ile breki nzuri ya nyuma imeshauzwa peke yake, wanabandika stika na kukuapia kwamba imetoka hivyohivyo melini. Angalia katikati ya gurudumu la nyuma, kibakuli hakipo usinunue kwa bei ya Japani.

Na tairi. Za Japani nyingi ni 26 x 1 3/8, pembeni ya tairi pameandikwa 37-590, hiyo 590 ndio saizi ya ringi. Dukani ukisema tu "nataka 26" watakupa la baiskeli ya gia, nalo ni 26 lakini ringi yake ni ndogo zaidi, ile ni 559, haliingii hata ulipige nyundo, na ukishafungua hawarudishi hela. Soma namba ya tatu-saba tano-tisa-sifuri kabla hujatoa pesa. Ukilipata chukua mawili, moja weka uvunguni, maana safari ijayo utaambiwa yameisha, au yapo ila bei imebadilika.