Mpolandi anayehama: London au Chicago?

Swali hili haliishi kwenye familia za Kipolandi.

Kwa safari, London haina mpinzani. Hadi Warsaw ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa ndege. Mtu huenda kumzika bibi yake na Jumatatu yuko kazini. Kutoka Chicago ni saa tisa angani, na nauli inauma.

Kwa makaratasi mambo yamegeuka. Polandi ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, Uingereza iliwafungulia milango ya kazi. Milango ikafungwa mwisho wa 2020, Uingereza ilipokwisha kujitoa kwenye Umoja huo. Mgeni wa leo anahitaji viza ya kazi, sawa na Marekani. Wanaotamba ni waliotangulia.

Shule za Kipolandi za Jumamosi ziko kote kuwili. London wana POSK, kituo cha utamaduni wa Kipolandi mtaani Hammersmith (hata wakimbizi wa Kipolandi waliokuwa kambini Tengeru, Arusha, wengi waliishia Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia). Ila kwa mizizi, mimi naipa Chicago: makumbusho ya Wapolandi huko yalifunguliwa 1937, na kila Machi jimbo la Illinois humkumbuka Pulaski, jenerali Mpolandi aliyepigania uhuru wa Marekani.

Mwenye wazazi wagonjwa kijijini aangalie London. Aliye na mzazi raia wa Marekani, Chicago tayari ana pa kuanzia.