Google Slides kwa mwalimu: jinsi ilivyonibeba Chalinze

Nafundisha baiolojia sekondari, Morogoro, na huwa naalikwa kuendesha semina za walimu wenzangu. Programu za slaidi za mtandaoni nimezipitia kadhaa. Kuna moja ambayo picha zinaruka na kuzunguka, mara inavuta karibu, mara inasukuma mbali. Wanafunzi waliishangilia, ila kwa bando la mwalimu ilikuwa inaganda katikati ya mruko. Nikaachana nayo. Canva naipenda na bado naitumia kwa mabango, tena mwalimu wa msingi au sekondari akithibitishwa anapata toleo la elimu bila kulipa. Lakini kazi zangu za semina zote ziko Google Slides, na safari moja ya Chalinze ndiyo iliyomaliza ubishi.

Mwenyeji aliniandikia: "Mwalimu, semina ni Chalinze, ukumbi upo kando ya barabara kuu, ukishuka tu utaona wachoma nyama." Ukiwa Morogoro ukasikia Chalinze, unapanda gari la kuelekea Dar es Salaam. Nikapanda. Nikashuka, barabara kuu ipo, nyama ipo. Simu ikaita.

"Mwalimu, umefika?"

"Nimefika, nipo hapa kwenye nyama."

"Na sisi tupo kwenye nyama, mbona hatukuoni?"

"Nimesimama upande wa njia ya Tanga."

Kimya kidogo. "Tanga? Tanga imefikaje Chamwino?"

Kumbe wenzangu walikuwa Chalinze ya Dodoma, ile inayoitwa Chalinze Nyama. Kati yetu kulikuwa na Mikese, Morogoro yenyewe nilikotoka asubuhi, Dumila, Gairo na Kibaigwa. Hata ningepata basi dakika ileile, ningewakuta wanapanga viti juu ya viti.

Nikamtumia mwenyeji linki ya slaidi kwa WhatsApp. Akaifungua kwenye kompyuta yake, akachomeka projekta, basi. Hakuna cha kusakinisha wala kujisajili. Mimi nikaomba benchi kwa mama muuza chai, nikaanza kufundisha kwa simu huku mwenyeji akinibadilishia slaidi. Tulipofika kwenye mchoro wa moyo, waliokaa nyuma wakalalamika kwamba maandishi hayasomeki. Nikayakuza kwenye simu yangu, na kule ukutani yakakua palepale. Wakapiga makofi utadhani nimefanya mazingaombwe. Nikiwa naeleza kazi ya vali, kijana akanisogezea nanasi: "Mzee, tamu hili, la Kiwangwa!" Ukumbi mzima ukasikia. Mwalimu mmoja akadakia, "Tuchukulie mawili!" Ilibidi tusubiri kicheko kiishe ndipo damu iendelee kwenda mapafuni.

Kasoro zipo. Kuitumia bila mtandao kunawezekana, lakini lazima uwashe mpangilio huo mapema ukiwa bado na mtandao, kwenye kivinjari cha Chrome au Edge. Ukikumbuka ukiwa tayari ukumbini, imekula kwako. Video ya YouTube uliyoipachika haichezi bila intaneti. Ukiipakua kwa mfumo wa PowerPoint, fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya shule inabadilishwa na mistari inaanza kusukumana, ndiyo maana napakua na PDF pia. Halafu ile nafasi ya bure ya GB 15 inagawanwa na Gmail na Drive, na picha za hadubini zinaimaliza upesi. Kuhariri kwenye simu ni kwa dharura tu. Kusogeza mshale mdogo kwa kidole gumba kunataka subira ya mvuvi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mwalimu anayeanza, aanzie hapa. Apunguze ukubwa wa picha kabla ya kuziweka, ruhusa ya linki aiweke kwenye kuona tu ili mtu asimfutie slaidi kwa bahati mbaya, na amtumie mwenyeji linki hiyo usiku wa kuamkia semina, aifungue na kuijaribu kwenye projekta yake.